Kiti cha Nje Huanza Kufa Miguuni

Sisi wa visiwani tumelelewa juu ya baraza. Baraza ya mawe na chokaa haina mguu wa kuoza wala kiungo cha kulegea. Hupakwa chokaa mpya inapokaribia Idi, na shughuli yake imekwisha. Yumkini ndiyo sababu hatukujifunza adabu ya kiti cha mbao kinachokaa nje. Siku hizi nyumba zetu zimeota varanda na bustani, viti vimetoka ukumbini vikaenda uani na chini ya miembe, nasi tumevifuata huko na maarifa yale yale ya baraza: kukaa, kuzungumza, kuinuka, na kukiacha kiti mvuani. Kinapoyumba, hutupwa nyuma ya nyumba. Na kikishatupwa nyuma ya nyumba, safari yake ya pili ni jikoni.

Mwandishi wa safu hii yumo katika wenye kosa hilo. Mwaka jana viti vyake vitatu vya mninga viligeuka rangi ya majivu, vikawa vinalia kila mtu anapoketi, naye akahukumu kuwa vimeoza. Kimoja kilipikia pilau. Viwili vingeifuata njia hiyo hiyo kama si safari ya Mikese.

Mikese ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, kiasi cha kilomita 30 kabla ya kuufikia mji huo. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwaka 1907, inapita hapo na ina stesheni yake. Treni mpya ya umeme iliyoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 haikuwekewa kituo Mikese, hivyo mgeni bado hufika kwa basi, akateremshwa ukingoni mwa lami, malori yakipita mbele yake yakielekea bara. Upande wa machweo husimama milima ya Uluguru, buluu asubuhi na nyeusi jioni, na kutoka milimani huko hushuka maji ya mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam.

Tulikwenda mwezi wa Februari, wiki chache kabla ya masika, kumjulia hali mwanetu aliyeolewa huko. Mkwe wetu, baba wa kijana, ni mzee aliyeshika randa na patasi tangu ujanani. Tulipobisha hodi na kuamkiana tulivikuta viti vyake vyote sita vya nje, pamoja na benchi moja refu, vimelazwa kichwa chini kivulini, miguu juu. Tukatandikiwa mkeka.

"Mniwie radhi, mkwe," alisema mzee. "Mmefika siku ambayo viti vinatibiwa. Masika hayangoji wageni."

Siku tano tulizokaa hapo zilitosha kutufundisha mengi kuliko tulivyojifunza kwa miaka ya kununua na kutupa.

Jambo la kwanza ni sababu ya kuvilaza viti miguu juu. Ubao, ukiutazama kwa makini mahali ulipokatwa, ni fungu la mirija myembamba iliyokuwa ikipandisha maji mtini. Mti umekufa lakini mirija imebaki. Ubavuni maji hupenya kwa taabu; kwenye ncha iliyokatwa huingia kwa haraka zaidi mara nyingi. Na kiti kinaposimama nje, ncha nne za miguu yake zimekanyaga udongo au sakafu yenye unyevu, zikinywa usiku na mchana. Kuoza kwenyewe ni kazi ya kuvu, na kuvu hahitaji jua wala hewa ya bahari, anahitaji maji. Ubao ambao maji yake hayafikii sehemu moja katika tano ya uzito wake mkavu hauozi, hata ukikaa miaka mia. Kwa hiyo kiti huanza kufa miguuni, kisha kwenye viungo ambamo maji ya mvua hujificha yasipate kukauka. Katikati, mahali panapoonekana na watu, aghalabu kingali kizima.

Ile rangi ya majivu iliyotuogopesha si ugonjwa. Ni jua limechoma ngozi ya juu kabisa ya ubao, na mvua imekosha kilichochomwa. Mzee alichukua randa, akapitisha mara mbili juu ya mkono wa kiti kimoja kilichokuwa cheupe kama mfupa, na mninga ukatoka mwekundu chini yake kama ulivyokuwa dukani. Tulikumbuka pilau yetu, tukanyamaza.

Kipimo cha kujua kama ubao umeoza ni ncha ya kisu. Ubonyeze: ukigoma, ni mzima, ukiingia kama kwenye ndizi mbivu, umeoza, na yafaa uendelee kubonyeza kupanda juu mpaka ufike penye kugoma. Katika viti sita, mzee alikuta miguu mitano tu iliyooza, na hakuna uliooza zaidi ya vidole vinne kutoka chini. Mtu asiyejua angetupa viti vitano kwa ajili ya vipande vya mbao ambavyo vyote pamoja vingejaa katika kikapu cha sokoni.

Kazi yenyewe huanza kwa maji na kumbi la nazi, au brashi ngumu. Kiti huoshwa, halafu huachwa kivulini siku tatu au nne kikauke taratibu, maana kukianika juani kikiwa kimelowa ni kukipasua. Kisha mguu uliooza hukatwa, lakini haukatwi mraba. Hukatwa kwa mshazari mrefu, kiasi cha mara tatu au nne ya unene wa mguu, na kipande kipya hukatwa kwa mshazari unaolingana nao, vikakutana kama viganja viwili. Sababu ni kwamba ncha kwa ncha gundi haishiki, kwa kuwa mirija huinyonya. Ubavu kwa ubavu hushika kweli. Kipande kipya sharti kiwe cha mti wa namna ile ile au ulio mgumu sawa nao, na nyuzi zake zielekee upande mmoja na nyuzi za mguu. Mzee hakununua hata ubao mmoja. Alikuwa na mfumbati wa kitanda kilichovunjika zamani, na matendegu mawili, akavichonga hivyo.

Kuhusu gundi alitoa onyo ambalo twalifikisha kama tulivyolipokea. Ile gundi nyeupe ya kawaida ya madukani ni nzuri kwa kabati la ndani, lakini ikilowa mara kwa mara hulegea. Kwa kiti cha nje hutakiwa gundi iliyoandikwa kuwa yastahimili maji, au ile ya vichupa viwili vinavyochanganywa papo hapo. Na juu ya gundi yeye huongeza vijiti viwili vya mbao ngumu vinavyopenya pande zote mbili. Msumari hautaki kuuona hapo. Chuma kikilowa ndani ya ubao hupata kutu, kutu huvimba, na ubao hupasuka pale pale palipotakiwa kushikwa.

Kwenye viungo vilivyolegea alitumia ujanja wa mafundi wa kale, nao ni kutoboa tundu la kijiti katika ulimi wa mbao likiwa limesogea unene wa ukucha kuelekea begani kwake, lisikae sawasawa na tundu la nje. Kijiti kinapogongwa huuvuta ulimi ndani, na kiungo hujifunga chenyewe bila ya gundi. Kiti cha namna hii chaweza kufunguliwa tena na mjukuu.

Hapa tulimsimulia mzee jambo tulilolisoma. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, majeshi ya Uingereza yaliifanya stesheni ya Mikese kuwa kituo chao cha kupelekea mahitaji kusini kuelekea Rufiji, na katika majeshi hayo walikuwamo askari wengi wa India. Jeshi la India lilikuwa na kiti chake cha safari kilichoitwa Roorkhee, kwa jina la mji mmoja wa huko: miguu minne, vijiti vya kuiunganisha na turubai, hakina gundi wala msumari. Kiliweza kusimama penye vilima na mashimo kwa sababu viungo vyake vililegea kidogo na kukaza mtu anapoketi, na mguu ukivunjika ulitolewa huo mmoja ukawekwa mwingine. Mwaka 1933 fundi mashuhuri wa Denmark, Kaare Klint, alikitengeneza upya kikauzwa Ulaya kuwa samani ya fahari. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza turubai lake lilikuwa linadumu masika mangapi. Hatukuwa na jibu.

Viti viwili kati ya sita vilikuwa vya kuwambwa kwa kamba. Mikese imo katika nchi ya mkonge. Mashamba ya Tungi na Pangawe hayako mbali, na ukoo wote wa mkonge wa Tanzania umetokana na miche 62 iliyosalimika katika ile aliyoiagiza Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida mwaka 1893 na kuipanda Kikogwe, karibu na Pangani. Kwa hiyo kamba ya katani hapo haina ugeni. Lakini mzee anaijua aibu yake. Kamba ya asili hufupika ikilowa na kulegea ikikauka. Kiti kilichowambwa kikikesha mvuani hujikaza hata kikavunja viungo vyake chenyewe, na asubuhi jua likitoka kinabaki kimelegea kama wavu. Tena katani ikikaa na unyevu huoza. Ndipo alipotugeukia sisi.

"Nyie wa Unguja mnayo kamba bora kuliko hii," alisema. "Ya makumbi. Mbona hamuitumii?"

Tuliona haya. Kila mwenyeji wa pwani amewaona kina mama wakifukia makumbi katika matope ya pwani yanayofunikwa na maji kujaa na kupwa, wakayaacha miezi mingi, wakayafukua na kuyaponda mpaka usumba ukatoka, wakasokota kamba. Uzi uliokwisha kukaa miezi katika maji ya chumvi usioze, utaogopa mvua gani? Usumba hustahimili maji kuliko katani, ingawa ni mkavu zaidi mkononi na huchoma mapaja ya mwenye kuketi. Dawa yake ni mto. Wazee wetu waliochonga viti vya enzi, vile vya mpingo vyenye nakshi za pembe, waliwamba migongo na makalio yake kwa uzi uliopitishwa katika matundu ya mbao. Uzi ulipochakaa ulikatwa, kiti kikawambwa upya, na mbao ikaendelea kukaa ikulu.

Mafuta nayo yana elimu yake. Visiwani mtu akitaka kukinawirisha kiti hukipaka mafuta ya nazi, kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu. Hayafai. Mafuta ya nazi hayagandi. Hubaki majimaji, hushika vumbi na kuchafua kanzu. Yanayofaa ni mafuta ya kitani, ambayo hukauka na kuwa kama ngozi ndani ya ubao. Hupakwa kidogo kidogo kwa kitambaa, mara mbili au tatu, na ncha za miguu husimamishwa ndani ya kibati chenye mafuta usiku kucha zinywe mafuta mahali pa maji. Lakini jihadharini na vile vitambaa: vikikunjwa na kutupwa pembeni, mafuta yanapokauka hutoa joto, na vitambaa vimeweza kuwaka moto vyenyewe. Vianikwe vikiwa vimetandazwa, au vitiwe ndani ya maji.

Wako wapakao vanishi nzito ing'aayo. Inapendeza mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili jua huipasua, maji huingia katika ufa na kufungiwa chini yake yasitoke, na kiti huoza kikiwa kimevaa nguo nzuri. Na wako wapakao oili chafu ya magari kwa kuogopa mchwa. Hiyo iachiwe nguzo za ua. Haiguswi na ngozi ya binadamu. Mchwa huzuiwa kwa kukiinua kiti juu ya mawe bapa, kusudi njia zao za udongo zionekane na kufutwa. Kwa kulainisha, mzee alitumia msasa wa dukani, na ulipomwishia akatuma mtoto achume majani ya mti wa msasa, ambao ndio ulioipa karatasi ile jina lake. Yalifanya kazi sawasawa.

Viti viwili vya mwisho vilikuwa vya bomba la chuma na vipande vya plastiki, nasi tutavipita upesi. Bomba huoza kuanzia ndani, kwa sababu ile kofia ya plastiki iliyovikwa mguuni huzuia maji yasitoke. Toboa tundu dogo chini, futa kutu kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya urembo. Plastiki iliyopasuka hutobolewa matundu pande mbili za ufa na kushonwa kwa waya mwembamba kama ndala. Ikiisha kukauka kwa jua na kuvunjika kama biskuti, hiyo haina tiba.

Sasa yafaa tuulizane sisi wenyewe kwa nini jambo hili lituhusu zaidi kuliko watu wa Mikese. Mzee yule akitupa kiti, mninga uko nchi yake, na msaji, ambao wao huuita mtiki, hupandwa katika mkoa huo huo wa Morogoro, huko Mtibwa. Sisi mbao ngumu nyingi tunazozitumia hutujia kwa chombo kutoka bara; hatuna msitu wa kutuvumilia. Kila kiti kinachoingia jikoni Unguja au Pemba kimekwisha kulipiwa ukataji, lori, ushuru wa misitu na nauli ya bahari. Misitu yenyewe huko inazidi kupungua, na pale Uluguru serikali ililazimika mwaka 2008 kuutangaza msitu wa milimani kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Hatuwezi kusikitika juu ya milima ile ilhali tunachoma miguu ya mninga kwa kuwa imeoza vidole vinne.

Na ujuzi hatukosi. Mafundi wa majahazi wa Nungwi wanajua kukata ubao uliooza ubavuni mwa chombo na kutia mwingine pasipo kukivunja chombo. Wanajua kalafati, na wanajua kuuzungushia msumari pamba yenye mafuta ili maji yasifuate chuma. Chombo hupakwa sifa ya papa kila msimu, wala hakuna nahodha anayesema jahazi limezeeka kwa sababu ubao mmoja umeliwa na bungua. (Sifa hatuwashauri kwa viti. Hakuna mgeni atakayeketi.)

Wakuu wa afisi nao hawana budi kulisikia hili. Tumeingia katika afisi zaidi ya moja, za bara na za visiwani, tukaona nyuma yake chungu ya viti, madawati na mabenchi ya varandani yaliyorundikwa nje, yakisubiri kamati ije kuyakagua na kuyafuta katika daftari. Afisa akitaka kuvitengeneza huambiwa asiviguse mpaka vikaguliwe. Kamati hufika baada ya masika mawili, ikakuta kwamba kweli vimekwisha kuharibika, na ripoti ikawa sahihi. Mvua ndiyo iliyofanya kazi ya kamati.

Twakumbuka kwamba mwezi Aprili 2016 Bunge la Muungano lilikabidhi shilingi bilioni 6 zilizobanwa katika matumizi yake ili zinunue madawati, na nchi nzima ilihangaika kuwanyanyua watoto kutoka sakafuni. Lilikuwa jambo jema. Lakini dawati nalo ni fremu na ubao. Aghalabu hufa ubao, fremu ikabaki nzima, au hulegea kiungo kimoja cha chuma. Lililowekwa nje likisubiri kufutwa hufa vyote viwili.

Tunayopendekeza hayahitaji sheria mpya. Kila skuli, hospitali na afisi ivigeuze viti vyake vya nje miguu juu mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, na ncha ya kisu ipitishwe. Mkuu wa afisi apewe ruhusa ya kutengeneza kabla ya ruhusa ya kufuta, pamoja na kifungu kidogo cha gundi, mafuta na ujira wa fundi. Vinavyosubiri kamati visubiri chini ya bati. Na vituo vya mafunzo ya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji vipelekewe samani hizo mbovu, kwani mwanafunzi wa useremala hujifunza zaidi kwa kukifungua kiti kilichotengenezwa vibaya kuliko kwa kutazama kizuri.

Siku ya kuondoka, viti vya Mikese vilikuwa vimesimama tena chini ya mwembe, kila mguu juu ya jiwe lake, na miguu mitano ikiwa na rangi mbili kama soksi. Tulimwuliza mzee kama hataipaka rangi ilingane. Alisema jua litailinganisha kabla ya Idi Kubwa. Akatuomba jambo moja, na jirani aliyepo Mkokotoni ameshaahidi kulitimiza: pishi mbili za kamba ya makumbi, nyembamba, iliyosokotwa kwa mkono, tumpelekee tutakapokwenda tena.

Vile viti vyetu viwili tulivitoa nyuma ya nyumba siku ya pili baada ya kuvuka bahari. Kimoja kilikuwa na mguu mmoja mbovu. Cha pili hakikuwa na ubovu wowote ila kijiti kilichoanguka, tulichokikuta mchangani chini yake.